Sherehe Iliyokula Ada ya Mwalimu Ruthu

Ruthu alikuja shuleni kwetu kwa miezi mitatu tu. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa amekwenda likizo ya uzazi, nasi tulihitaji mtu wa kukaa na watoto wasiumizane. Mtu huyo akaletwa na mzee wa kanisa: msichana mrefu wa Kigogo kutoka kijiji kimoja cha barabara ya kwenda Mtera, amemaliza kidato cha sita, basi. Chuo cha ualimu aliwahi kuchaguliwa, akashindwa kwenda kwa sababu baba yake alifariki mwaka huohuo na nyuma yake kulikuwa na wadogo wanne waliokuwa wakimtazama yeye. Yule wa likizo ya uzazi hakurudi, alihamia Singida na mumewe. Miezi mitatu ya Ruthu ikawa miaka kumi na mmoja.

Mimi ndiye mwalimu mkuu wa shule hiyo. Ni shule ndogo ya binafsi hapa Miyuji, yenye madarasa saba, jiko moja na tangi la maji ambalo ikifika mwezi wa kumi hutoa upepo. Naitwa Wambura, kwetu ni Tarime, na walimu wangu wananiita Madam. Nikiwa sipo sijui wananiitaje, na sijawahi kuuliza.

Kila mwaka Ruthu hupokea watoto hamsini na kitu. Wengine wanatoka kwenye nyumba za watumishi wa serikali na wanaongea Kiswahili cha televisheni. Wengine wazazi wao wamehamia mjini juzi, na wao wanajua Kigogo na kulia. Ikifika mwezi wa sita wote wanasoma. Mwanangu wa mwisho, Jordan, alifundishwa kusoma na Ruthu baada ya mimi mama yake, mwenye shahada ya elimu, kushindwa kabisa na kupiga kelele hadi majirani wakaja kugonga mlango. Ruthu alimchukua wiki tatu. Hakuniambia alifanyaje, na mimi kwa kiburi sikumuuliza.

Mwezi wa kumi mwaka juzi walikuja wathibiti ubora wa shule. Walikuwa na adabu, wakanywa chai yetu, wakakagua, wakaacha barua. Barua ilisema kwamba mwalimu yeyote asiye na sifa awe amekwisha kupokelewa kwenye masomo ya ualimu yanayotambulika, yatakayomfikisha kwenye leseni, kabla shule haijafunguliwa mwezi wa kwanza. Asiyekuwa na barua ya kupokelewa siku hiyo asisimame mbele ya watoto. Nilitafuta mahali pa kukasirikia katika barua ile, sikupaona. Hata mimi ningeandika hivyohivyo.

Nilimwita Ruthu ofisini nikamsomea.

"Na nisipoipata hiyo barua ya kupokelewa, Madam?"

"Utatoka darasani, Ruthu. Sina namna."

"Ngoja nirudi, nimewaacha wanapaka rangi," akasema, akaondoka.

Nilibaki pale nikimchukia yule mama wa likizo ya uzazi, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Chuo cha bweni hakikuwezekana. Ruthu anaishi na mama yake, Bibi Evodia, katika vyumba viwili nyuma ya kanisa. Bibi alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote umekufa. Lazima alishwe, ageuzwe, aogeshwe. Ruthu hufanya hayo kabla ya kuja kazini, akirudi, na saa ya mapumziko ya mchana hukimbia nyumbani tena. Kwa hiyo masomo yake ilibidi yawe ya mtandaoni, ayasome kwenye simu akiwa amekaa kando ya kitanda cha mama.

Baada ya wiki moja alikuja na daftari. Alikuwa amelipiga mistari kwa rula kama anavyowapigia watoto, ameandika programu tisa, sita amezifuta. Zilibaki tatu. Ya juu ilikuwa ya chuo kikuu chenye jina, na ada yake ilikuwa ya kumfanya mtu akae chini. Ya katikati ilikuwa ya miaka miwili, ada inalipwa kwa muhula, mitihani inafanyikia mjini, na mazoezi ya kufundisha unayafanyia shuleni kwako. Ya chini ilikuwa ile iliyokuwa ikizunguka kwenye makundi ya Wasapu wakati huo: miezi sita, ada ndogo, cheti unaletewa.

"Wewe unataka ipi?" nikamuuliza.

"Ninayoitaka ni hii ya katikati. Ninayoiweza ni hii ya chini."

Hapo ndipo mimi nilipopata akili, na Mungu aniepushe na akili zangu.

Mji huu haumalizi wiki bila kadi ya mchango. Harusi, kitchen pati, send-ofu, kipaimara, kila mtu ana kamati na kila kamati ina mweka hazina anayekupigia simu mpaka utoe. Ruthu alikuwa amewachangia wote. Alichangia harusi ya Iddy, mwalimu wetu wa Hisabati, alichangia send-ofu ya binti yangu, na kwa mshahara ule mdogo hakuwahi kusema mwezi huu sina. Yeye mwenyewe hajaolewa. Katika miaka kumi na mmoja haikuwahi kutoka kadi hata moja yenye jina lake. Basi nikasema sasa itatoka.

Tukaunda kamati kama ya harusi kabisa. Mimi mwenyekiti, Iddy mweka hazina, na upande wa wazazi tukampa Batholomeo, mfanyabiashara wa nafaka pale Majengo, mtu mwenye sauti kubwa ambaye watoto wake wanne wote walipita kwa Ruthu. Kadi tukachapisha, zina maua pembeni, na katikati maneno: tunakualika kuchangia masomo ya Mwalimu Ruthu.

Watu walitoa. Walitoa mpaka nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nikiwadhania. Mama anayeuza vitumbua nje ya geti alileta noti zilizokunjwa ndani ya kitambaa, akataka Iddy aandike jina lake kwa herufi kubwa. Kufikia katikati ya mwezi wa kumi na moja tulikuwa na ada ya mwaka mzima ya kile chuo kikuu chenye jina. Iddy alihesabu mara mbili, akasema anaogopa kutembea nazo.

Kwenye kikao kilichofuata Batholomeo akauliza, "Sasa shughuli lini?"

"Shughuli gani?" nikasema. "Ni ada hii."

"Madam, watu wametoa. Mkono mtupu haulambwi. Mchango usio na shughuli hiyo ni kodi."

Tukacheka wote, na hapohapo tukapotea. Tukakubaliana soda na biskuti baada ya kufunga shule, ada tukailipe baada ya hapo. Kikao cha pili soda ikawa pilau, maana huwezi kumwita mtu aliyetoa vile ukampa biskuti. Kikao cha tatu walimu wa kike wakasema lazima kuwe na sare ya kitenge. Penye sare lazima pawe na mpiga picha. Penye mpiga picha huwezi kukaa uani kwenye kamba za nguo, kwa hiyo ukumbi. Na ukumbi bila mshereheshaji ni matanga. Hakuna aliyeiba hata shilingi. Kila mtu aliongeza kitu kidogo kwa kupenda, na kila kitu kidogo nilikisaini mimi, kwa sababu na mimi nilitaka Ruthu apate siku yake.

Aliwahi kuniuliza mara moja tu. "Madam, hii keki ni ya nini?"

"Tulia," nikamwambia. "Bibi harusi haulizi keki."

Ilikuwa sherehe nzuri, siwezi kudanganya. Keki ilitengenezwa mfano wa kitabu kilichofunguliwa. Bibi Evodia aliletwa kwa bajaji, Iddy akambeba mikononi hadi kwenye kiti cha mbele na kumfunika khanga miguuni. Wanawake wa kanisa walikuja na ngoma zao za muheme, wakaziweka katikati ya magoti, na walipoanza kupiga nikamwona Bibi anapiga paja lake kwa ule mkono mmoja ulio hai, anacheka kwa upande mmoja wa uso. Ruthu alicheza mbele yake. Hata mimi nilicheza, vibaya, na picha zipo.

Wiki ya pili ya Disemba bili zote zikawa zimefika. Iddy alikuja nyumbani kwangu, hakukaa. Kilichobaki kilitosha muhula mmoja wa ile programu ya katikati, au programu yote ya chini kuanzia mwanzo hadi cheti. Chuo kikuu chenye jina tulikuwa tumekila pamoja na pilau.

Majuto ni mjukuu, na wangu alikaa kifuani likizo nzima. Sikumwambia Ruthu hadi Alhamisi ya mwisho, siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Nilimkuta anamlisha mama yake ugali wa uwele na mlenda, anamfuta kidevu kila baada ya tonge.

"Mbukwa," Bibi akanisalimia kwa shida, ile salamu ya kwao. Nikaitika kama nilivyofundishwa, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikasema yote. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu. Yalipokwisha nilitamani anitukane, ingenisaidia.

Ruthu alimaliza kumlisha kwanza. "Mama hajacheka vile tangu augue," akasema. "Mimi nilimwona, Madam. Kwa hiyo usiniombe radhi kwa siku ile." Akaenda kunawa, akarudi na daftari lake. "Hiki kilichobaki ndicho tutakachochagulia. Kesho tuwapigie."

Ijumaa tukakaa ofisini watatu, yeye, mimi na Iddy. Niliweka simu yangu mezani, nikafungua spika.

Wa miezi sita alipokea kabla simu haijaita mara mbili. "Karibu sana, mama yangu," akasema, sauti laini imejaa haraka. Akilipa leo, barua ya kupokelewa anaipata baada ya saa moja. Iddy akaninyooshea dole gumba.

"Na mazoezi ya kufundisha mnayafanyaje?" Ruthu akauliza.

"Hayo hatuwasumbui nayo, mama. Tunajua mna majukumu."

"Na leseni?"

"Usajili wetu unashughulikiwa. Hiyo isikupe hofu."

"Haya. Mwanafunzi wenu akikwama kwenye somo, anampigia nani?"

"Mama, huku kwetu hakuna anayekwama. Kila mtu anafaulu."

Iddy alicheka. Ruthu aliandika jibu hilo kwenye daftari, neno kwa neno.

Kwa wale wa miaka miwili simu iliita ikakatika. Tukapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu akapokea mwanamke mwenye sauti ya uchovu, akasema tusubiri kidogo amalize na mtu, tukasubiri dakika saba kwa salio langu. Aliporudi alijibu kila swali bila kuremba. Mazoezi ya kufundisha ni lazima, katika kila mwaka, kwenye shule anayofanyia kazi, chini ya mwalimu mlezi mwenye leseni atakayekaa nyuma ya darasa na kujaza fomu. Ukikwama kuna mkufunzi wa kundi lako, namba yake utapewa. "Atakufokea kidogo, lakini anajibu," akasema. Tulipokuwa tukisubiri, Iddy alikuwa ameshatafuta kwenye orodha ya programu zinazotambulika. Hii ilikuwepo, ile nyingine haikuwepo.

"Na barua ya kupokelewa, dada yangu?"

"Wiki tatu. Maombi ni mengi."

"Shule tunafungua Jumatatu."

"Najua, mama. Ni wiki tatu."

Nikakata simu. Na hapo, niseme ukweli wangu, nikamwambia Ruthu achukue ile ya miezi sita. Nikamwambia kwa sauti yangu ya mwalimu mkuu. Barua tutaiweka kwenye faili, Jumatatu atasimama darasani, hakuna atakayeitazama mara mbili, na hiyo nyingine ataisoma baadaye tukipata uwezo. Mwenye shule alikuwa amekwisha kuniambia kwamba atakayeletwa kushika nafasi ile, akifaa, ndiye atakayebaki. Niliogopa kumpoteza Ruthu, na mtu mwenye hofu husema maneno kama yale.

Ruthu akafunga daftari. "Madam, nimefundisha miaka kumi na mmoja sina cheti, na sijamdanganya mtu. Mzazi aliyeniuliza nilimwambia. Nikichukua hiki, Jumatatu ndiyo nitaingia darasani nikiwa muongo."

Iddy alivuta simu yake bila kuniuliza mimi mwenyekiti, akalipa muhula mmoja kwa wale wa miaka miwili.

Jumatatu mwalimu mpya aliripoti. Anaitwa Anitha, ana miaka ishirini na minne, ana leseni yake ndani ya bahasha ya plastiki. Nikamkabidhi watoto hamsini na wanane. Ruthu naye alikuja saa ileile ya siku zote, akasimama mlangoni kwangu. Mpishi wetu alikuwa amejifungua wakati wa likizo na jiko halikuwa na mtu.

"Nipe jiko," akasema.

"Siwezi kukuweka jikoni, Ruthu."

"Uji nao ni wa watoto, Madam. Na mimi nahitaji mshahara."

Wiki ile nilimgombeza kila aliyepita mbele yangu, isipokuwa yeye. Ofisini kwangu nilisikia darasa la kwanza wakilia kwa zamu, na saa nne Anitha alikuwa akitoka hana sauti. Siku ya tatu nikaenda kuangalia foleni ya uji. Watoto walikuwa wamesimama na vikombe vyao, na kila kikombe kimeandikwa herufi kwa rangi. Ruthu alishika upawa, anainama kwa kila mtoto, anasubiri mtoto aseme, ndipo anamimina.

"Ruthu," nikasema pembeni, "unajua huruhusiwi kufundisha."

"Sifundishi, Madam. Namuuliza kikombe chake kina herufi gani, nisije nikampa uji wa mwenzake."

Nilirudi ofisini nikafunga mlango, nikalia. Sijui kama nililia kwa kucheka au kwa nini.

Anitha naye aliiona ile foleni. Jioni moja watoto wameshaondoka nilipita nyuma ya jiko nikamkuta amekaa kwenye kigoda, anamuuliza Ruthu mtoto anayejua Kigogo tu unamwanzaje. Ruthu akamwonyesha, akamtajia majina ya vitu vitatu ambavyo kila mtoto wa Kigogo hucheka akivisikia kwa mgeni. Kisha nikamsikia Anitha anasema, kwa adabu lakini anasema, "Na wewe, dada Ruthu, samahani nikuambie. Kwenye foleni nimekutazama. Mtoto akisita tu, unampa jibu. Unawaonea huruma mno. Chuoni tulifundishwa uhesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla hujamsaidia."

Nilikuwa tayari kujitokeza nimpe maneno yake. Miaka kumi na mmoja, halafu mtoto wa juzi anamwambia vile. Lakini Ruthu aliweka sufuria chini.

"Hadi kumi?"

"Hadi kumi, dada."

Kesho yake kwenye foleni nikaona midomo ya Ruthu inahesabu. Watoto wawili ambao alizoea kuwatajia walisema wenyewe, mmoja kwenye saba, mwingine kwenye tisa.

Wiki tatu zikapita, barua haikuja. Wiki ya nne, Jumanne, mwenye shule alinipigia. Alitaka Anitha apewe mkataba wa kudumu, na mpishi akirudi yule wa muda aondoke. Alimwita Ruthu hivyo, yule wa muda. Nikaomba anipe hadi Ijumaa. Akasema Ijumaa ni mwisho, akakata.

Alhamisi asubuhi, Ruthu aliingia ofisini bila kubisha hodi. Alikuwa ametoka mbio steshenari, karatasi bado ina joto la mashine, mikono ina unga. Nilisoma barua ile mara tatu. Amepokelewa. Jina lake lilikuwa sahihi, programu sahihi, muhuri upo. Nikamshika mabega nikamtikisa, maana sikuzoea kukumbatia.

Ukurasa wa pili ulikuwa fomu ya mwalimu mlezi. Nikachukua kalamu yangu nzuri. Namba ya leseni yangu naijua kwa moyo, na nilikuwa nimengoja wiki nne kupata kitu cha kumlipa kwa ile keki. Nikaanza kuandika W. Ruthu akaweka mkono wake juu ya karatasi.

"Nimemwomba Anitha," akasema.

Iliniuma, na sikuificha. "Anitha ana miaka ishirini na minne, Ruthu. Mimi nimefundisha miaka ishirini na sita."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Alitafuta maneno, kwa sababu si mtu wa kumuumiza mwingine kwa makusudi. "Wewe tangu ile sherehe hujanifokea hata mara moja, Madam. Unamfokea kila mtu, mimi unanipita. Nikikosea darasani utaniandikia mazuri. Anitha ataandika kweli, na mimi hiyo kweli ndiyo niliyoilipia." Akaondoa mkono wake taratibu. "Halafu fomu inasema mlezi awepo hapa miaka yote miwili. Watoto ni hamsini na wanane. Ukimweleza mwenye shule vizuri, atagawa mikondo miwili. Anitha naye ana mama nyumbani anayemtegemea."

Nilikaa. Wiki nne nzima nilikuwa najiona mimi ndiye ninayemwokoa, na yeye huko jikoni alikuwa ameshapanga nafasi ya kila mtu. Nilimpenda pale kuliko nilivyowahi kumpenda mfanyakazi mwenzangu yeyote. Nikafuta ile W, nikaandika jina la Anitha, nikasaini chini kabisa panapoandikwa mkuu wa shule, nikagonga muhuri. Mwenye shule ningempigia mchana. Kisha nikatazama saa ya ukutani.

"Mwalimu Ruthu," nikasema, "kengele imelia dakika sita zilizopita. Anitha yuko peke yake na darasa zima, na wewe umesimama hapa unapiga soga na mikono michafu. Unataka nikuandikie barua ya onyo?"

Alinitazama. Macho yalimjaa machozi, akacheka papo hapo.

"Hapana, Madam," akasema, akafuta mikono kwenye khanga, akatoka mbio.